Kukauka Si Kuiva: Mwongozo Kamili wa Kupaka Chuma Epoksi ya Haraka kwenye Baridi ya Molo na Timboroa

Julai moja nilipaka mnara wa tangi la maji katika shamba lililo nje kidogo ya mji wa Molo, nyanda za juu za Kenya. Nilimaliza saa kumi jioni, rangi inang'aa, nikapanda matatu kurudi Nakuru moyo ukiwa mweupe. Asubuhi mama mwenye shamba alinipigia simu: "Fundi, mbona rangi yako imelia?"

Nilipofika nilikuta utando mweupe unaoteleza, kama sabuni iliyosahaulika kwenye beseni, umetanda upande wote uliotazama juu. Nikaufuta kwa kitambaa chenye thina, nikaona umetoka, nikapaka tabaka la pili. Miezi minane baadaye tabaka hilo lilibanduka vipande vikubwa kama kiganja, na chini yake la kwanza lilikuwa zima. Rangi haikuwa mbovu, wala duka halikuniuzia bandia. Nilipaka rangi ya nchi ya joto kwenye chuma cha nchi ya baridi, tena saa mbaya. Kazi ile niliirudia kwa gharama yangu, na haya ninayoandika ndiyo niliyojifunza tangu siku hiyo, ili mwenzangu anayepelekwa Molo, Kuresoi, Mau Summit, Timboroa au Kericho asije akarudia kosa lile.

Kwanza, elewa kinachotokea ndani ya mkebe

Rangi ya mafuta tuliyoizoea hukauka: thina huruka, oksijeni ya hewani inaingia, kazi inaisha. Epoksi haikauki tu, inaiva. Huja katika mikebe miwili, mmoja una resini na mwingine una hadena. Vikikutana, molekuli za resini na za hadena hushikana mpaka zinakuwa wavu mmoja mgumu usiopitisha maji kirahisi. Kushikana huko ni kemia, na kemia hii inataka joto.

Kanuni tunayoitumia ni kwamba joto likishuka nyuzi 10, muda wa kuiva huwa karibu mara mbili. Sasa piga hesabu. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, Molo karibu mita 2,500. Kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kama nyuzi 6.5, kwa hiyo kati ya Kisumu na Molo kuna tofauti ya karibu nyuzi 9. Rangi iliyokuwa tayari kwa tabaka la pili baada ya saa 8 pale Kisumu itataka karibu saa 15 pale Molo, siku hiyohiyo, kutoka mkebe uleule. Na reli inapopita kilele chake karibu na Timboroa, mita 2,784, hali ni ngumu zaidi.

Kama ingekuwa ni kungoja tu, tungengoja. Shida ni kwamba epoksi nyingi za kawaida, zile zenye hadena ya aina iitwayo poliamaidi, karatasi zake za maelezo zinakuambia usipake chuma kikiwa chini ya nyuzi 10. Chini ya hapo kushikana kunapungua mpaka karibu kusimama. Wavu unapoanza kukaza, molekuli zilizobaki hukosa nafasi ya kusogea, na katika baridi hukwama mapema. Ukigusa kwa kidole, ni ngumu. Ukidhani imeiva, umekosea. Mtu anayepika maharagwe Molo anaijua hali hii: maji yanatokota vizuri, lakini huku juu yanatokota kwenye nyuzi 92 hivi, na maharagwe yaliyopasuka maganda bado yana kiini kigumu. Macho hayatoshi kukuambia kitu kimeiva.

Tatizo la pili ndilo lile la mama, rangi kulia. Hadena ni jamii ya kemikali zinazoitwa amini. Amini ikikaa muda mrefu bila kushikana na resini, huvutwa na unyevu na kaboni dioksidi iliyo hewani, na kwa pamoja hutengeneza utando wa chumvichumvi juu ya rangi. Utando huo huyeyuka kwa maji, hauyeyuki vizuri kwa thina. Ndiyo maana kitambaa changu cha thina kiliusambaza tu, nami nikapaka rangi juu ya kitu kisichoshika.

Kuchagua hadena

Hapa ndipo kazi nzima inapoamuliwa, kabla hujashika brashi. Ukiingia dukani Nakuru na kusema "nipe epoksi", utapewa inayouzwa zaidi, na inayouzwa zaidi ni ya poliamaidi. Ni rangi nzuri kwa mji wa Nakuru wenyewe, nzuri sana kwa Kisumu. Kwa kazi ya mlimani uliza hadena ya baridi, na ikiwezekana uliza kama ni ya fenalkamaini.

Fenalkamaini hutengenezwa kutokana na mafuta ya ganda la korosho. Ndiyo, korosho hizihizi za Kilifi na Kwale. Watu wa Pwani wanajua kwamba mafuta ya lile ganda huunguza ngozi. Mafuta hayohayo, yakishapitia kiwandani, hutoa hadena inayoiva kwenye nyuzi 5, na aina nyingine hata karibu na sifuri. Uzuri wake mwingine ni kwamba sehemu yake moja ni mkia mrefu wa mafuta unaosukuma maji mbali, kwa hiyo huvumilia unyevu na hailii kirahisi. Ubaya wake ni rangi: ina wekundu wa kahawia, na juani hugeuka manjano. Hilo lina dawa, nitalifikia.

Ziko hadena nyingine za haraka. Baadhi zimeongezwa kichocheo cha kuharakisha, na nyingine ni amini zilizokwisha kuunganishwa kidogo kiwandani ili zisibaki huru hewani. Zote zinafaa mradi karatasi ya maelezo ya bidhaa iseme hivyo. Usichanganye jambo hili na ile gundi ya epoksi ya dakika tano inayouzwa kwenye mirija miwili. Ile ina hadena ya namna nyingine kabisa, ni ya kugandishia vitu, na haifai kulinda chuma cha nje.

Karatasi ya maelezo iombe kabla ya kulipa. Usipoipata dukani itafute kwenye tovuti ya kiwanda. Tafuta mambo manne: joto la chini kabisa la chuma wakati wa kupaka, muda wa kugusika kwenye nyuzi 10 (achana na ule wa nyuzi 25 ulioandikwa kwa herufi kubwa mkebeni), muda wa chini na wa juu wa kupaka tabaka linalofuata, na muda ambao mchanganyiko unakaa ndani ya ndoo kabla haujaganda. Muuzaji akikwambia "hii inakauka haraka tu, fundi", mwambie unataka kuona imeandikwa.

Jambo moja nalisema kwa mkazo kwa sababu nimeliona likiharibu kazi za watu wengi: kuongeza hadena hakuharakishi rangi. Kipimo cha resini na hadena ni kama idadi ya mikono. Ukileta mikono mingi ya upande mmoja, inayobaki haina wa kuishika, inabaki ikinata ndani ya rangi milele, na ndiyo hiyo inayolia zaidi. Wala usichukue hadena ya kampuni moja ukaitia resini ya kampuni nyingine. Ukitaka haraka, nunua hadena ya haraka ya rangi ileile.

Na kinyume chake pia ni kweli. Hadena ya baridi usiipeleke Kisumu mwezi wa Februari. Itaganda ndani ya ndoo na brashi yako ikiwemo.

Pima chuma, usipime hewa

Simu yako itakuambia Molo leo ni nyuzi 18. Hiyo ni hewa, tena ya mchana. Rangi haikai hewani, inakaa kwenye chuma, na chuma kina hali yake. Bomba nene au miguu ya mnara iliyolala nje usiku kucha hubaki baridi hata saa tatu asubuhi jua likiwa limeshatoka. Wakati huohuo hewa imepata joto na kubeba unyevu kutoka kwenye nyasi zenye umande. Hewa hiyo ikigusa chuma baridi, unyevu hutua. Hutauona, ni utando mwembamba mno. Lakini ukipaka juu yake umepaka juu ya maji.

Kwa hiyo unahitaji namba tatu: joto la hewa, unyevu wa hewa kwa asilimia, na joto la chuma chenyewe. Kipimo kidogo cha joto na unyevu kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya kuangulia vifaranga. Kwa chuma, themomita ya sumaku inayokaa kwenye chuma ndiyo bora. Bastola ya miale, inayopima joto bila kugusa, nayo hufaa, lakini kwenye chuma kinachong'aa inadanganya. Bandika kipande cha utepe wa karatasi, ungoje kidogo, upime juu ya utepe.

Sasa tafuta kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikishuka hadi hapo huanza kuacha maji. Hesabu ya haraka: toa asilimia ya unyevu kutoka 100, gawanya kwa 5, jibu uliondoe kwenye joto la hewa. Hewa ikiwa nyuzi 13 na unyevu asilimia 80, basi 100 kutoa 80 ni 20, gawanya kwa 5 ni 4, na 13 kutoa 4 ni 9. Umande utatua kwenye chuma chochote chenye nyuzi 9 au chini. Hesabu hii inafaa unyevu ukiwa zaidi ya asilimia 50, na huweza kukosea kwa karibu nyuzi moja.

Sheria ya kazi ni kwamba chuma kiwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Kwa mfano wetu ni nyuzi 12. Mimi naongeza moja kwa ajili ya kosa la hesabu, nasema 13. Na unyevu ukipita asilimia 85, weka brashi chini hata kama namba nyingine zinakuruhusu. Pima kabla ya kuanza, pima tena kila baada ya saa moja, na uandike kwenye daftari. Mteja akikuona unaandika namba, hata bei yako ataielewa.

Siku ambayo kipimo kimekufa, loweka kitambaa, kikamue, pangusa sehemu ya chuma kwa upana wa kiganja. Ikikauka ndani ya dakika 15 una nafasi. Ikibaki na unyevu, ngoja.

Kwa hali ya huku kwetu, dirisha la kupaka hufunguka kama saa nne na nusu asubuhi. Linafungwa lini? Hapo usiulize jua, uliza usiku. Kama karatasi inasema rangi hugusika baada ya saa 4 kwenye nyuzi 10, na umande huanza kushuka jua linapozama karibu saa kumi na mbili na nusu, basi brashi ya mwisho iwe saa nane mchana, ubaki na nusu saa ya akiba. Kwa namba zile, kosa langu la Molo lilikuwa saa mbili nzima, na hiyo ni kabla hujahesabu kwamba hadena yenyewe haikuwa ya baridi. Tena huku mvua hupenda kuja mchana, kwa hiyo tazama upande wa msitu wa Mau kabla hujachanganya. Januari na Februari ndiyo miezi ninayoipenda kwa kazi hii, kwa sababu mchana ni mkavu. Ila usiku wa miezi hiyo una hila yake, na nitaieleza.

Kuandaa chuma

Hapa hakuna njia ya mkato. Anza na sabuni na maji, au kiondoa mafuta, kabla ya brashi ya waya. Ukianza na waya unasugua mafuta ndani ya mikwaruzo. Kwenye mashamba ya ng'ombe osha zaidi, maana maziwa yaliyomwagika na samadi hukaa kwenye viungo vya chini. Palipomwagika mbolea ya chumvichumvi, osha kwa maji mengi mara mbili. Chumvi ikibaki chini ya rangi, huvuta maji kupitia rangi yenyewe na kuleta malengelenge.

Baada ya hapo toa kutu. Njia bora ni kupiga chuma kwa punje kali kwa kompresa mpaka kiwe kijivu cheupe, kiwango ambacho vitabu vya kazi vinakiita Sa 2½. Usitumie mchanga wa mtoni. Vumbi lake la silika huharibu mapafu kabisa, na hakuna rangi inayostahili bei hiyo. Tumia ganeti, yaani punje za jiwe gumu, au punje za chuma. Kwa kazi nyingi za shambani kompresa kubwa haifiki, basi tumia grainda yenye brashi ya waya na diski ya msasa mpaka chuma king'ae kote, kiwango cha St 3, kisha chagua epoksi ambayo karatasi yake inasema inakubali maandalizi ya namna hiyo. Angalia brashi ya waya isigeuke kuwa ya kung'arisha. Chuma kinachong'aa kama kioo hakina mahali pa rangi kushika. Malizia kwa msasa ili pabaki mikwaruzo.

Chuma kipya cha dukani kina ngozi ya bluu-nyeusi ya kiwandani. Wengi huipaka rangi juu wakidhani ni chuma safi. Ngozi ile huachia baadaye na kuondoka na rangi yako. Itoe. Kwenye weldi, gonga taka zote na vitone vilivyoruka, na kona kali zote zizungushwe kidogo kwa grainda, kwa sababu rangi ikiwa mbichi hukimbia ukali na kuacha pembe na tabaka jembamba. Mabomba yenye zinki yapitishie msasa kwa wepesi na uyapake epoksi moja kwa moja. Usiyaanzishie rangi ya mafuta, kwani mafuta yake hugeuka sabuni juu ya zinki na kubanduka.

Ukibandua rangi ya zamani sana, ichukulie kuwa ina madini ya risasi. Lowesha kabla ya kusugua, vaa barakoa yenye kichujio, na kusanya maganda yote. Watoto na kuku hufika palepale.

Chuma ulichosafisha kipake siku hiyohiyo, ikiwezekana ndani ya saa 4. Molo ukikiacha kilale, asubuhi kina kutu ya machungwa.

Kupima, kuchanganya, kupaka

Mnara wetu wa mfano una eneo la mita 60 za mraba. Mfumo ninaoupenda kwa kazi ya nje ni matabaka mawili ya epoksi, kila moja mikroni 100 (sehemu ya kumi ya milimita) likiwa limekauka, na juu yake tabaka moja la poliyurethani la mikroni 50. Poliyurethani ndiyo dawa niliyoahidi: epoksi yoyote ikipigwa jua hutoa unga kama chaki, na ya fenalkamaini hugeuka manjano pia, kwa hiyo inahitaji kofia. Kumbuka kwamba hadena ya poliyurethani ina isosianati, ambayo ni hatari kwa mapafu, hasa ukiipuliza kwa kompresa. Huku shambani nashauri brashi na rola.

Tuseme mkebe umeandikwa kuwa ujazo wa yabisi, yaani sehemu ya rangi inayobaki thina ikisharuka, ni asilimia 75. Zidisha 75 kwa 10, gawanya kwa mikroni 100: lita moja inafunika mita za mraba 7.5. Mita 60 zinataka lita 8. Lakini hiyo ni kwenye karatasi. Kwenye vyuma vyembamba vya pembe unapoteza kama asilimia 30, basi gawanya 8 kwa 0.7 upate lita 11.4. Nunua 12 kwa kila tabaka. Na unene wa rangi mbichi ni 100 gawanya kwa 0.75, yaani mikroni 133. Kitana cha kupimia rangi mbichi ni kidogo, bei yake ni ndogo, na ndicho pekee kitakachokuambia ukweli ukiwa juu ya ngazi. Usipake nene zaidi ukidhani unasaidia. Kwenye baridi thina huchelewa kuruka, na tabaka nene hufunga juu likiwa na thina tumboni. Likabaki laini wiki nzima na kutoboka vitundu.

Usiku wa kuamkia kazi, mikebe ilale ndani ya nyumba yenye joto, isilale kwenye gari. Rangi yenye nyuzi 20 huchanganyika vizuri na kutandazika. Yenye nyuzi 8 ni nzito kama asali, na ukiiona hivyo mkono utavutwa kumimina thina. Zaidi ya asilimia 5 ya thina ni kuiharibu, na petroli au mafuta ya taa hayana kazi hapa kabisa. Kama resini imeganda chembechembe kama asali ya zamani, haijaharibika: iweke ndani ya beseni la maji moto, mbali na mwali wowote, ukoroge mpaka iwe angavu tena.

Koroga resini peke yake kwanza mpaka chini kusiwe na tope. Mimina hadena yote kwa kipimo kilichoandikwa, na uangalie kama kipimo ni cha ujazo au cha uzito. Koroga kwa drili ya mwendo mdogo dakika 3, ukikwangua pembeni na chini. Kisha hamishia kwenye ndoo nyingine safi na ukoroge tena, maana resini iliyobaki ukutani mwa ndoo ya kwanza ndiyo inayokuja kuwa madoa yasiyoiva. Changanya kidogo kidogo, lita 3 au 4. Hadena ya haraka hutoa joto lake yenyewe, na ndoo iliyojaa hujichemsha na kuganda hata Timboroa. Ukiimimina kwenye trei ya rola inapoa na kukupa muda zaidi. Baadhi ya epoksi za baridi hutaka zingoje robo saa baada ya kuchanganywa. Karatasi itasema.

Vaa glavu za naitraili tangu unapofungua mkebe. Epoksi hujenga mzio polepole: unaweza kuishika miaka mitano bila shida, mwaka wa sita mikono ikavimba kila ukiikaribia, na mzio huo hauondoki. Ikikugusa, sabuni na maji. Thina huipenyeza ndani zaidi ya ngozi.

Anza kwa brashi kwenye weldi zote, kona, vichwa vya bolti na nyuma ya pembe, kisha ndipo upitishe rola kote. Kutu huanzia hapo, basi hapo papate rangi mara mbili. Kipande chenye jua kipake mwanzo, ufuate jua kuzunguka mnara.

Usiku wa kwanza

Chuma kilicho wazi chini ya anga lisilo na wingu hutoa joto lake kuelekea juu mpaka kinakuwa baridi kuliko hewa iliyokizunguka. Hiyo ndiyo hila ya Januari na Februari. Kipimo cha hewa kinasema nyuzi 9, chuma kiko 6, na maji yanatiririka juu ya rangi yako. Ndiyo maana pande zilizotazama juu ndizo zilizolia pale Molo, na za chini zikabaki safi.

Dawa ni turubai. Lifunge juu ya mnara kama paa, lisiguse rangi, na uache nafasi chini na juu ili mvuke wa thina utoke. Turubai halipashi joto, linazuia tu chuma kisitazamane na anga. Nyuzi mbili au tatu zinazookolewa mara nyingi ndizo zinazotenganisha rangi iliyoiva na iliyolia.

Wengine huweka jiko la makaa chini ya turubai. Tafadhali usifanye hivyo. Makaa yanatoa kaboni dioksidi, na mitungi ya gesi inatoa kaboni dioksidi pamoja na mvuke wa maji. Hivyo ndivyo viungo kamili vya ule utando mweupe, umevifungia pamoja na rangi mbichi. Mvuke wa thina nao hushika moto. Na makaa hutoa monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu, ambayo huua watu usingizini kila msimu wa baridi. Kijana unayemwachia kazi ya kulinda vifaa atajikunyata humo kupata joto. Kama ni lazima upashe joto, pasha chuma siku inayofuata kwa hita ya umeme inayopuliza hewa kavu, au panga kazi yako upya.

Tabaka la pili na kujua kama imeiva

Asubuhi usikimbilie brashi. Lowesha kidole, sugua sehemu iliyotazama juu. Ikiteleza kama sabuni, utando upo. Osha kwa maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo na sponji, suuza kwa maji safi, acha ikauke. Msasa uje baadaye, usiutangulize, kwa sababu msasa unausukuma utando ndani.

Kisha jaribio la msasa lenyewe: sugua kwa msasa laini mahali pasipoonekana. Rangi iliyoiva vya kutosha hutoa unga mkavu. Isiyoiva huviringika na kuujaza msasa kama gundi. Ikiviringika, ngoja siku nyingine, hata kama mteja amesimama hapo. Na ukipitisha muda wa juu wa kupaka uliotajwa kwenye karatasi, kwangua kote kwa msasa kabla ya kuendelea, la sivyo tabaka jipya halitapata pa kushika.

Kuiva kamili kwa kawaida huandikwa siku 7 kwenye nyuzi 20 hivi. Kwenye wastani wa nyuzi 10 hesabu wiki mbili. Kwa mnara hilo si neno, utatumika mapema. Kwa ndani ya tangi la maji ya kunywa ni jambo la kutopunguza hata siku moja: tumia tu rangi iliyothibitishwa kwa maji ya kunywa, iache iive kabisa hewa ikipita ndani, kisha osha tangi na umwage maji ya kwanza. Ndani ya tangi usiingie peke yako, na usiingie bila mtu wa kukushikia kamba mlangoni.

Ukitaka kujua rangi imeshika kiasi gani, baada ya kuiva chora alama ya X kwa kisu chenye makali hadi chuma, bandika utepe wenye gundi kali, uvute kwa nguvu. Pasipobanduka zaidi ya ukingo wa mkato, rangi imeshika. Paka hapo epoksi kidogo kwa brashi ndogo na uendelee.

Mwaka mmoja baadaye, mvua za Aprili zikianza, rudi uuangalie mnara. Tazama weldi za chini, mahali miguu inapoingia kwenye zege, na kingo za sahani ya juu tangi linapokaa. Tone la kutu la ukubwa wa shilingi linakwanguliwa na kupakwa kwa nusu saa, mchana, chuma kikiwa kimepimwa. Kwa yule mama wa Molo huwa nafika saa tano, na siku hizi yeye ndiye anayeniuliza chuma kina nyuzi ngapi kabla sijafungua mkebe.